Kompyuta Iliyougua Kila Jumamosi

Sura ya Saba

Siku ambayo Shangazi Febronia alifungua kompyuta isiyo yake ndiyo siku Deodata alipojua kwamba mapenzi yake yamekosa pa kujificha. Wanasema mapenzi ni kikohozi. Kikohozi cha Deodata kilikuwa kimesikika Lusahunga nzima, kuanzia kwa wachoma mahindi hadi kwa madereva wa malori wanaoegesha hapo kupumzika kabla ya kuendelea na safari ya Rusumo. Waliochelewa kukisikia ni watu wa nyumbani kwake tu, nao sasa walikuwa wamefika, tena bila hodi.

Alikuwa ametoka dukani mara moja, kwenda kwa Jovina jirani yake kuchukua chai na chapati. Aliporudi na kikombe mkononi, alimkuta shangazi yake amekalia kiti chake cha ufundi, mkoba mapajani, na mbele yake kompyuta mpakato ya Ngassa, aliyoiacha asubuhi ile, ikiwa imefunuliwa. Kioo kilikuwa kinang'aa utadhani hakijawahi kuumwa hata siku moja. Mlangoni alisimama baba yake, Mzee Leonidasi, kofia mkononi, akitazama barabarani.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi. Mbona hamkuniambia kama mnakuja?"

"Marahaba," alijibu baba bila kugeuka.

"Tungekuambia tungekuta ushahidi umeshafichwa," alisema shangazi. "Njoo hapa. Hii ndiyo ile kompyuta ya yule bwana mifugo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ile isiyowaka kioo?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeifungua kwa kidole hiki hiki cha kuchambulia maharage, nikabonyeza hapa penye kiduara, na imewaka. Au na mimi nimekuwa fundi?"

Deodata aliweka kikombe mezani.

Sasa tuseme ukweli, maana msomaji hana kosa la kufichwa. Kompyuta ile ilikuwa mgonjwa kweli. Na Deodata aliujua ugonjwa wake siku nyingi.

Ngassa Shilinde alikuwa bwana mifugo wa kata ya Keza, kule Ngara. Wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao kutoka Shinyanga angali mtoto wa kubebwa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kumsikiliza mtu mpaka amalize, jambo ambalo wanawake wengi wa Lusahunga walikuwa wamelisikia kwa wenzao tu. Alifika dukani mara ya kwanza mvua za vuli zilipoanza, akiwa njiani kwenda Biharamulo mjini kufuata dawa za chanjo.

"Dada fundi," alisema siku ile, "hiki kioo kinazima nikianza kuandika tu. Nikiacha, kinawaka. Nikirudi kuandika, giza. Nimeanza kuhisi hakipendi habari za ng'ombe."

Deodata alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Alipima chaja, akapima betri. Alifungua skrubu, akauchomoa na kuurudisha ule mkanda mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo. Aliiunganisha na runinga yake ndogo ya ukutani kuona kama picha itatoka huko, ikatoka safi. Akaandika mwenyewe ukurasa mzima, kioo hakikutetereka. Akamrudishia mwenyewe mali yake. Jumamosi iliyofuata bwana mifugo huyo hapo tena, suruali imejaa tope mpaka magotini, anasema imezima tena.

"Kaa," Deodata alimwambia. "Andika kama unavyoandika kazini, nikuone."

Ngassa alikaa, akaegemeza viganja vyake juu ya kompyuta, akaandika maneno mawili. Giza. Akainua mkono wa kushoto kufukuza nzi, kioo kikawaka. Macho ya Deodata yakaufuata mkono ule, kwanza kwa sababu za kifundi. Kwenye kifundo palikuwa na bangili nene ya rangi ya shaba, ncha zake mbili zina vidonge vyeusi vya sumaku, zile zinazouzwa mnadani na watu wa vipaza sauti wanaoapa kwamba zinashusha presha na kunyoosha mgongo.

"Bangili nzuri," alisema.

"Mayu alininunulia," Ngassa alijibu, akimtaja mama yake kwa Kisukuma na kwa aibu kidogo. "Ameniapisha nisiivue hata nikioga. Anasema inanilinda moyo."

Hapo hapo Deodata akaelewa kila kitu. Kompyuta za aina ile zina kifaa kidogo sana kimefichwa upande wa kushoto, chini ya mahali mtu anapoegemeza kiganja. Ukifunga mfuniko, sumaku iliyo pembeni mwa kioo hukikaribia kifaa hicho, na kompyuta hujua imefungwa, ikazima kioo. Kwa hiyo mama wa watu, kwa mapenzi yake yote, alikuwa amemvisha mwanawe kitu kinachoiambia kompyuta kila saa kwamba imefungwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Dawa yake ilikuwa neno moja tu: vua.

Deodata alifungua mdomo kulisema. Ngassa akainua uso, macho yao yakakutana, na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka ya kuyaondoa. Nje lori lilipiga honi ndefu na hakuna aliyeshtuka. Neno likarudi lilikotoka.

"Iache hapa," alisema. "Nahitaji kuichunguza zaidi. Rudi Jumamosi."

Na Jumamosi akarudi. Ikawa anaichukua Jumatatu kwa dereva wa basi, anaitumia wiki nzima kwa taabu, anairudisha mwisho wa wiki, na Deodata anaifungua na kuifunga na kuipuliza vumbi lisilokuwepo, huku Ngassa amekaa kwenye benchi akimsimulia habari za ndama na mbuzi. Kuna siku alimsimulia jinsi ng'ombe anayekaribia kuzaa anavyotafuta mtu wa kusimama karibu naye, na Deodata alilala siku hiyo akiwaza ng'ombe. Mafundi wa Ngara mjini wako karibu zaidi na Keza, kila mtu alijua. Jovina alikuwa ameacha hata kutania.

Kwa watu wa kwao Deodata, msichana hasemi kwa mdomo wake kwamba anamtaka fulani. Humnong'oneza shangazi, shangazi humnong'oneza baba, na baba akikubali hujifanya wazo lilikuwa lake. Mdomo wa msichana anao shangazi. Deodata hakumnong'oneza mtu, kwa sababu alijua jibu. Shangazi Febronia alikuwa na hasira na ng'ombe wa Wasukuma tangu walipoingia kwenye mihogo yake, na hasira ile hakuwahi kuitofautisha na wenye ng'ombe. Sasa Ngassa alikuwa ametuma salamu kwamba wazee wake wangependa kufika Jumapili ijayo, kwa heshima, kuzungumza. Ndizo salamu zilizowaleta hawa wawili dukani.

"Deodata," alisema baba, akageuka mwishowe. "Mimi sina neno na kabila la mtu. Hilo ni la shangazi yako na mihogo yake. Neno langu mimi ni moja. Unamkumbuka mume wa dada yako Suzan?"

Nani asingemkumbuka. Alikuja amevaa koti, akasema hana mke, kumbe ana mke na watoto Kahama. Suzan alirudi nyumbani na sanduku lake kichwani mchana kweupe, na Mzee Leonidasi hakwenda kanisani miezi kadhaa kwa kuogopa macho ya watu.

"Namkumbuka, baba."

"Yule alianza na uongo mdogo. Alisema koti ni lake, kumbe kaazima. Nikacheka. Sasa sicheki tena. Mwanaume anayesema kompyuta ni mbovu nayo ni nzima, apate njia ya kukaa dukani kwa binti yangu, huyo sipokei wazee wake. Na nitawaambia watu wote kwa nini."

"Baba, hakudanganya."

"Imewaka mbele yangu!"

Pikipiki ilizima nje. Deodata aliijua sauti yake kuliko alivyojua sauti ya kengele ya kanisa. Aliomba ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Lusahunga ina kazi nyingi za malori.

Ngassa aliingia akivua kofia ngumu, akaona wazee, akainama.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu, kila mmoja kwa ubaridi wake.

"Kijana," alisema Mzee Leonidasi, "kompyuta yako inaumwa nini?"

Ngassa alimtazama Deodata, kisha akamtazama mzee. "Kioo kinazima, mzee. Ninapoandika."

"Wakati huu kinawaka."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo shida yake. Nikiwa siandiki kinawaka."

Shangazi alicheka kicheko cha puani. "Kompyuta yenye adabu hiyo. Inaumwa mbele ya mwenyewe, mbele ya wageni inapona."

"Mama, naapa..."

"Usiape," baba alimkata. "Njia ya mwongo ni fupi, haihitaji kiapo. Kaa hapo uandike."

Shangazi alimpisha kiti. Ngassa alikaa, akaegemeza viganja, akaandika jina lake. Kioo kikawa giza, na uso wa Ngassa ukapata nafuu ya mtu aliyepatikana na ugonjwa wake mbele ya daktari.

"Umeona, mzee?"

"Nimeona umebonyeza. Hata mimi nikibonyeza swichi taa inazima."

"Sikubonyeza kitu!"

"Msibishane," alisema Deodata, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka imara. "Mimi ndiye fundi hapa. Ngassa, usiondoe mikono. Kaa hivyo hivyo."

Wazo lilikuwa limemjia kamili, safi, halina hata doa. Angelitafuta tatizo upya mbele yao. Angepitia hatua kama fundi yeyote, na mwisho wake angefika kwenye bangili, ashtuke, apige mikono, aseme: kumbe! Ngassa angetoka na jina lake jeupe. Yeye Deodata angeonekana fundi mzito kidogo, aliyechelewa kuona, na hilo lingesahaulika kabla ya Krismasi. Hakuna ambaye angejua kwamba binti wa Leonidasi alimfunga mwanaume kwa kamba ya Jumamosi.

Alichukua simu yake, akawasha tochi, akaimulika kwenye kioo cheusi kutoka pembeni.

"Baba, sogea uone. Kama ingekuwa taa ya nyuma ya kioo imekufa, ungeona picha kwa mbali sana, kama kivuli. Unaona kitu?"

Mzee Leonidasi aliinamisha kichwa. "Sioni kitu."

"Kwa hiyo si taa." Alishika mfuniko, akaurudisha nyuma taratibu, akauleta mbele. "Kama ingekuwa mkanda wa kioo umelegea hapa kwenye bawaba, kingewaka na kuzima nikiuchezesha. Kimewaka?"

"Hakijawaka."

"Kwa hiyo si mkanda."

Shangazi alikuwa amesogea pia, mkoba ukiwa kwapani, ameanza kuvutiwa bila kupenda. Ngassa hakusogeza hata ukucha. Deodata alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya sabuni na ya mvua iliyokaukia kwenye shati. Ilibaki hatua moja tu. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye kile kifundo.

"Vizuri," alisema baba yake nyuma yake, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Hivyo ndivyo ninavyotaka. Endelea, mwanangu. Ukiniambia wewe kwamba ni mbovu, nitaamini. Katika nyumba yangu wewe ndiye mtu ambaye sijawahi kumuuliza jambo mara mbili."

Mkono wa Deodata ulibaki hewani.

Alisikia joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Ni aibu, alifikiri. Kisha akagundua si aibu, ni hasira, na hasira ile haikuwa ya baba, wala ya shangazi, wala ya ng'ombe waliokula mihogo. Ilikuwa hasira ya kusimama ndani ya duka lililoandikwa jina lake kwa rangi ya bluu, akiigiza ujinga ili aruhusiwe kupenda.

"Ngassa, vua bangili," alisema.

"Nini?"

"Vua bangili. Iweke kule dirishani. Kisha andika."

Ngassa alisita, akamkumbuka mama yake, akaivua. Akaandika. Akaandika mstari, akaandika na wa pili, viganja vimeegemea pale pale. Kioo kiliwaka bila kupepesa. Akageuka taratibu na mdomo wazi.

"Ni bangili?"

"Ni sumaku iliyo kwenye bangili. Kompyuta inadhani umeifunga."

"Alaa!" alisema Mzee Leonidasi, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Kwa hiyo kijana alisema kweli. Na wewe leo umeigundua."

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa, wazi kabisa. Deodata angenyamaza tu, asingehitaji hata kusema uongo.

"Sikuigundua leo, baba. Niliijua tangu wiki ya pili."

Nje, Jovina aliacha kukoroga chungu chake.

"Niliiona bangili, nikajua. Ningemwambia vua, angevua, angekwenda zake Keza na nisingemwona tena. Kwa hiyo sikumwambia. Nilimwambia rudi Jumamosi. Kila Jumamosi. Hakuna mwongo hapa isipokuwa mimi."

"Deodata!" Shangazi Febronia alishika kifua. "Funga mdomo wako, mtoto! Unajivua nguo barabarani!"

"Huu mdomo sijawahi kuwa nao, shangazi. Mliuweka kwako tangu nizaliwe. Leo nauchukua."

"Mwanamke hasemi..."

"Nasema. Nilimtaka huyu mwanaume kabla yeye hajanitaka. Yeye alileta kompyuta, mimi ndiye niliyemshika. Kama kuna mtu amemwinda mwenzake katika duka hili, ni mimi. Baba, Suzan alinyamaza mkamchagulia mwenye koti. Mimi nimechagua kwa macho yangu, nikiwa nimeshika bisibisi, na sioni haya."

Mzee Leonidasi alikuwa amelikunja tena lile tabasamu na kulirudisha. Alionekana amezeeka tangu aingie. "Hujaona haya kunidanganya?"

Hilo lilimfikia Deodata. "Hilo ninaliona, baba. Kwa hilo unisamehe. Lakini kwa kumpenda sitaomba msamaha, hata ukinifukuza."

Ndipo alipomgeukia Ngassa, na moyo wake ukashuka. Alitarajia amkute anatabasamu. Kichwani mwake, usiku mwingi, alikuwa amemuona akitabasamu mahali hapa. Ngassa alikuwa anatazama kompyuta, taya limekaza.

"Wiki zote hizo," alisema taratibu. "Ripoti za chanjo nimeandika kwa mkono, nikazituma zimechelewa. Mkubwa wangu alinisema mbele ya wenzangu, akaniuliza kama nimesomea uzembe. Nikarudi hapa nikakusimulia. Unakumbuka? Ulinimiminia chai."

"Nakumbuka."

"Ulinimiminia chai, na ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia tu? Ningerudi, Deodata. Ningerudi hata bila kompyuta. Ningeleta hata redio."

"Ningejuaje?"

"Ungeniuliza!"

"Nani alinifundisha kuuliza?" Sauti yake ilipasuka, lakini hakushusha macho. "Kasirika. Una haki. Ila usiniambie nilikuwa na njia nyingine niliyoiacha, kwa sababu hawa hapa wamesimama kukuonyesha kwamba sikuwa nayo."

Mzee Leonidasi aliivaa kofia yake. Alimgeukia Ngassa, na sasa alimtazama kwa namna nyingine, kwa heshima anayostahili mtu aliyedhulumiwa na nyumba ya Leonidasi.

"Kijana, nilikuita mwongo. Si kweli. Nakuomba radhi. Umesikia mwenyewe mwongo ni nani. Kwa hiyo una ruhusa yangu kwenda zako, na wazee wako uwaambie wasijisumbue. Hakuna atakayekulaumu."

Malori mawili yalipita, moja nyuma ya jingine, na bati la duka likatetemeka mpaka yakapotea. Ngassa aliifunga kompyuta. Aliitia kwenye begi, akavuta zipu, akasimama. Deodata alihesabu kwamba kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni ni mwendo mfupi sana, na kwamba akitoka hatamkimbilia. Angalau heshima hiyo angejiwekea.

"Mzee," alisema Ngassa, "nimekasirika. Nimekasirika sana, sitaki kukuficha."

"Naona."

"Nitawaleta wazee Jumapili nikiwa nimekasirika hivi hivi."

Shangazi alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Hasira hii itachukua muda," Ngassa aliendelea, na sasa alikuwa anamwambia Deodata, si mzee. "Huenda mwaka mzima. Sitaki kuimalizia Keza peke yangu. Nataka uwe karibu niwe nakukasirikia vizuri."

Deodata alitaka kucheka, akashindwa, machozi yakamtangulia. Aliyaacha yashuke. Leo alikuwa ameshasema mengi ya kuonewa haya, machozi yalikuwa madogo.

"Hamkunielewa," alisema Mzee Leonidasi. "Nimesema sipokei. Kwanza nilikataa kwa uongo wa kijana, sasa nakataa kwa uongo wa binti. Nyumba iliyoanza hivi sitaibariki. Jumapili mlango wangu utakuwa umefungwa, na wageni watagonga mpaka wachoke."

"Basi watachoka nikiwa nao," alisema Deodata.

"Unasemaje?"

"Wakija, baba, sitakuwa ndani na shangazi, nimejifunika khanga nikisubiri kuitwa. Nitasimama nje upande wao. Ukifungua, utatufungulia wote. Usipofungua, majirani watatuona sote. Nitawasalimia kila anayepita, na akiniuliza nafanya nini mlangoni kwetu, nitamwambia nimekuja kuposa."

Baba na binti walitazamana. Walifanana kidevu, na wote wawili walikuwa wamekiinua. Kisha Mzee Leonidasi akatoka bila kuaga, akamwita mwendesha bodaboda aliyekuwa amejipumzisha kivulini kwa Jovina, akapanda nyuma yake na kukaa wima, akitazama mbele.

"Febronia! Twende!"

Shangazi Febronia alichelewa kutoka. Alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho pengine hakikuwemo. Alimpita Ngassa bila kumtazama. Alipofika kwa Deodata alisimama, akamfuta shavu kwa dole gumba, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto mwenye uji usoni.

"Umenipokonya kazi yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote nimesubiri uje uninong'oneze. Hukuja."

"Ungekataa, shangazi."

"Ningekataa, ndiyo. Halafu ungeninong'oneza tena." Aligeuka nusu kuhakikisha kaka yake hasikii. "Sikiliza. Jumapili usivae vile viatu vyako vya kisigino. Pale mlangoni kwetu pana tope, na namjua baba yako, mtasimama sana. Vaa vya chini. Na hao wazee wa Kisukuma uwaambie waje wameshiba."

"Febronia!"

"Nakuja!" alipaza sauti kwa ukali wa kutosha watu wa barabarani kusikia. "Namsema huyu mtoto wako!"

Akatoka ameshikilia mkoba, akapanda nyuma ya kaka yake, na bodaboda ikashika njia ya nyumbani.